Kujaziwa sabuni kwenye chupa yako: unaokoa fedha au unanunua maji?

Katika maduka ya Mwanjelwa na Soweto jijini Mbeya, kama ilivyo Mlandege na Kihesa mjini Iringa, sabuni ya maji huuzwa kwa namna mbili ambazo wateja hawaishi kuzibishania. Upande mmoja zipo chupa zilizofungwa kiwandani, zenye lebo na tarehe. Upande wa pili lipo pipa au dumu kubwa, na mteja anakuja na chupa yake ajaziwe. Wapo wanaoapa kwamba kujaziwa kunapunguza matumizi ya nyumba kwa nusu, na wapo wanaosema kwamba mtu anayejaziwa anauziwa maji yenye rangi na harufu. Wapo pia, hasa vijana waliofuatilia mazungumzo ya mkataba wa kimataifa kuhusu plastiki yaliyokwama Busan mwishoni mwa 2024 na yakakwama tena Geneva Agosti 2025, wanaoona kuwa bei si hoja kubwa, kwa sababu kila chupa isiyonunuliwa ni takataka moja pungufu.

Kila kundi lina sehemu ya ukweli, ila yanazungumzia mambo matatu tofauti kwa jina moja. Jambo la kwanza ni kupimiwa, yaani unakwenda dukani na chombo chako na kulipia ujazo peke yake. La pili ni pakiti ya kujazia: kiwanda kinatia bidhaa ileile ndani ya mfuko laini wa plastiki, unaumimina nyumbani kwenye chupa ya zamani, kisha mfuko unatupwa. La tatu ni chombo kinachorudi kilikotoka, kama chupa ya soda ya kioo, mtungi wa gesi au ile chupa kubwa ya maji ya kunywa inayowekwa maofisini. Hesabu za fedha na za taka hazifanani katika njia hizi tatu, na mtu anayechukua sifa ya njia moja akaivika nyingine atapotoka hata kama kila anachokisema ni cha kweli mahali pake.

Tuanze na fedha. Bei mbili haziwezi kulinganishwa mpaka ziwe kwa kipimo kimoja, na kwa vitu vya majimaji kipimo rahisi ni lita. Tuchukue bei za mfano tu, zenye tarakimu nyepesi kuhesabu. Chupa ya sabuni ya vyombo yenye mililita 750 inauzwa shilingi 4,500, maana yake lita moja inagharimu shilingi 6,000. Pakiti ya kujazia ya chapa hiyohiyo, yenye mililita 500, inauzwa shilingi 2,750, maana yake lita moja ni shilingi 5,500. Sabuni ya kupimiwa inauzwa shilingi 2,500 kwa lita. Hapo tayari kuna jambo ambalo macho hayalioni dukani: pakiti ile inaonekana rahisi sana kwa sababu noti inayotoka mfukoni ni ndogo, ilhali nafuu yake halisi ni shilingi 500 tu kwa lita. Kuna pakiti ambazo, ukizipigia hesabu, lita yake ni ghali kuliko ya dumu la lita tano la bidhaa ileile lililo rafu ya chini, kwa kuwa ujazo mdogo kwa kawaida hubeba gharama kubwa zaidi ya ufungashaji. Neno "ya kujazia" lililoandikwa kwenye mfuko haliahidi nafuu yoyote mpaka ugawanye bei kwa ujazo.

Kwa hesabu hiyo peke yake, sabuni ya kupimiwa imeshinda kwa mbali, na wengi huishia hapo. Lakini lita ya sabuni si sawa na lita ya sabuni nyingine. Kinywaji kinachotokana na majani ya Mufindi au Rungwe kinaweza kujaza birika lilelile, mara kikiwa chai, mara kikiwa maji ya moto yaliyopitiwa na majani. Birika halikuambii tofauti, ulimi ndio unaokuambia. Sabuni ya maji vivyo hivyo sehemu yake kubwa ni maji, na kinachosafisha ni kemikali zilizoyeyushwa humo, ambazo watengenezaji wadogo hununua kwa majina kama salfoniki na slesi. Mtengenezaji akipunguza kemikali hizo, lita inabaki kuwa lita, ila wewe utalazimika kumimina zaidi ili mafuta yatoke kwenye sufuria.

Turudi kwenye mfano wetu. Ikiwa beseni moja la vyombo linahitaji mililita tano za sabuni ya kiwandani, yaani kama kijiko kimoja cha chai, limegharimu shilingi 30. Ikiwa sabuni ya kupimiwa inahitaji vijiko viwili kwa beseni lilelile, limegharimu shilingi 25, na umeokoa. Ikiwa inahitaji vijiko vitatu, limegharimu shilingi 37 na senti 50, na ile nafuu uliyoiona dukani imegeuka hasara. Mpaka wa mfano huu ni mara 2.4, yaani 6,000 gawanya kwa 2,500: sabuni ya rahisi ikihitaji kumiminwa zaidi ya hapo, kujaziwa hakukufaidishi kwa upande wa fedha. Kila nyumba inaweza kuupata mpaka wake kwa bei za duka lake, na njia ya kuujaribu haina gharama. Andika kwa kalamu kwenye chupa tarehe uliyoianza, itumie kama kawaida, kisha uangalie lita imedumu siku ngapi. Fanya hivyo kwa sabuni ya pili, ukigawanya bei kwa siku. Gharama kwa siku husema kweli kuliko gharama kwa lita, mradi waoshaji na wingi wa vyombo visibadilike sana.

Wengi hawafanyi jaribio hilo kwa sababu wanaamini kwamba nguvu ya sabuni wanaiona kwa macho. Imani hii ndiyo inayowagharimu zaidi, na inafaa kuikalia kidogo. Mteja huinamisha chupa, akiona sabuni inatiririka taratibu kama asali anaridhika, akiona inakimbia anarudisha. Uzito wa namna hiyo, katika sabuni nyingi za maji, hutengenezwa kwa chumvi ya kawaida ya mezani. Chumvi ikiongezwa kidogo kidogo kwenye mchanganyiko wenye slesi, sabuni huwa nzito. Ikizidi kiwango fulani, sabuni hurudi kuwa nyepesi. Kwa hiyo sabuni nzito inaweza kuwa na kemikali chache na chumvi iliyopimwa vizuri, na sabuni nyepesi inaweza kuwa kali kuliko inavyoonekana. Kwetu huku kuna jambo jingine ambalo mtu wa Dar es Salaam hahitaji kulifikiria: baridi. Sabuni ya aina hii huwa nzito zaidi joto linaposhuka, hivyo ileile iliyoonekana nyepesi mwezi wa Novemba inaweza kuonekana nzito asubuhi ya Julai huko Makete au Njombe, bila mtengenezaji kuongeza chochote. Povu nalo ni shahidi dhaifu. Linaonyesha kuwa kuna kitu kinachotoa povu, halionyeshi ni mafuta kiasi gani yataondolewa, na zipo sabuni za mashine za kufulia zinazotengenezwa makusudi zitoe povu dogo huku zikisafisha vizuri.

Ukweli wa kipimo ni suala la peke yake. Mkulima wa viazi wa Njombe ataielewa hoja hii haraka kuliko msomaji mwingine yeyote, kwa kuwa amepigana na lumbesa miaka mingi: gunia linalofungwa kwa kilemba na kuzidi kilo 100 zinazoruhusiwa, huku likilipwa kama gunia moja. Kwenye lumbesa anayepunjwa ni muuzaji, na kwenye kupimiwa anayeweza kupunjwa ni mnunuzi, lakini ugonjwa ni uleule wa kufanya biashara kwa chombo kisichopimwa. Wakala wa Vipimo, unaosimamia Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, hukagua vipimo vya biashara na kuvipiga muhuri. Chupa ya maji ya kunywa iliyookotwa na kugeuzwa kipimo haina muhuri huo, na sabuni inayomiminwa kwa kasi hujaa povu ambalo nalo unalilipia. Muuzaji mwaminifu atasubiri povu litulie kisha aongeze. Anayekataa kusubiri amekupa habari ya kutosha kuhusu duka lake.

Nauli nayo iingie kwenye hesabu. Kutoka Ilemi au Uyole kwenda Mwanjelwa kwa ajili ya lita mbili za sabuni peke yake, kwa bodaboda, kunaweza kula nafuu yote na kuzidi. Kujaziwa kunalipa pale duka linapokuwa njiani au unapokuwa na safari nyingine.

Pamoja na tahadhari zote hizo, kupimiwa kuna faida moja ambayo wanaojadili mazingira mijini huisahau, nayo ni kwamba kunamwezesha mtu mwenye fedha kidogo kununua kidogo bila kuadhibiwa. Kibarua anayelipwa kwa siku katika mashamba ya chai au katika mbao za Mafinga hawezi kutoa fedha ya dumu la lita tano kwa mara moja, hata kama anajua kwamba lita ya dumu ni rahisi. Ananunua kipakiti cha leo, kesho kingine, na mwisho wa mwezi amelipa kwa kila gramu zaidi ya mwalimu au mfanyabiashara aliyenunua mfuko mkubwa. Huko Chile, kampuni ya Algramo ilianzishwa kwa hoja hiyohiyo: familia za kipato cha chini ziuziwe bidhaa za nyumbani kwa gramu, kwenye vyombo vinavyojazwa tena, kwa bei isiyopanda kwa sababu ya udogo wa ununuzi. Duka la mtaani linalopima sabuni ya shilingi 500 linafanya kazi hiyo bila mashine yoyote, kama ambavyo mafuta ya kula yamekuwa yakipimwa siku zote, na kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wa kujaziwa.

Kipakiti kidogo ndicho pia kinachotupeleka kwenye taka. Nchi hii ilishaona kifungashio kidogo kinavyoweza kutapakaa, wakati pombe za viroba zilipozagaa mitaroni kabla ya kupigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Miaka miwili baadaye, tarehe 1 Juni 2019, likaanza katazo la mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na hapo ndipo lilipozaliwa dai linalorudiwa mpaka leo kwamba Tanzania ilishaachana na plastiki. Katazo lile liligusa mifuko ya kubebea. Vifungashio vya bidhaa viwandani, chupa, pakiti na vifuko vya sabuni ya unga viliendelea kuwepo kisheria, na ndivyo vinavyoonekana kwa wingi kwenye mitaro mvua inapoanza.

Je, kujaza kunapunguza taka hizo? Kwa anayepimiwa, jibu ni ndiyo, mradi chupa yake itumike mara nyingi na isiwe imenunuliwa mpya kwa ajili ya kazi hiyo. Chupa moja iliyojazwa mara 20 imezuia chupa 19. Hapa hakuna ujanja wa hesabu. Ujanja upo kwa anayenunua vyombo maridadi vya pampu kwa ajili ya "kuanza kujaza" wakati chini ya sinki lake kuna chupa kadhaa tupu. Ameanza kwa kuongeza plastiki. Tukumbuke pia kwamba nyumba zetu hazitupi chupa upesi. Dumu la mafuta la lita 20 huwa la maji, chupa ya maji huwa ya maziwa au ya mafuta ya alizeti, na hivyo sehemu ya manufaa yanayohesabiwa kwingine kama matokeo ya kampeni za kujaza, huku yalikuwapo kabla ya kampeni.

Pakiti ya kujazia ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Ni kweli kwamba mfuko laini una plastiki chache sana kwa uzito kuliko chupa ngumu ya ujazo uleule, na kiwanda kinachosema hivyo hakidanganyi. Plastiki chache ina maana ya malighafi chache na lori jepesi zaidi. Lakini uzito si jambo pekee. Mifuko mingi ya aina hiyo hutengenezwa kwa tabaka kadhaa za plastiki tofauti zilizogandishwa pamoja, wakati mwingine na tabaka la alumini, na tabaka hizo ni vigumu kuzitenganisha ili zirejelezwe. Chupa ngumu ya sabuni, kwa upande wake, ina mnunuzi. Waokota makopo wanaipeleka kwa wanunuzi wa chakavu, inapimwa kwa kilo, na inaondoka mjini ikiwa bidhaa. Mfuko wa tabaka hauokotwi na mtu kwa sababu hauna bei, na mwisho wake ni shimo la kuchomea taka nyuma ya nyumba, ambako moshi wake unavutwa na wenye nyumba, au ni mtaro unaoishia mtoni. Kwa Iringa mto huo ni Ruaha Mdogo, unaopeleka maji yake Ruaha Mkuu na bwawa la Mtera. Mahali penye mfumo wa kukusanya kila kitu, pakiti ina utetezi mzuri. Mahali ambapo mfumo wetu wa kweli wa kurejeleza ni mtu mwenye kiroba begani anayetafuta kinachouzika, chupa ngumu inayojazwa tena na kuuzwa mwishoni ni bora kuliko pakiti nyepesi isiyo na mnunuzi.

Kuna taka nyingine isiyoonekana mitaroni. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya kwa barabara ni zaidi ya kilometa 800, na lori lililobeba sabuni ya maji limebeba, kwa sehemu kubwa, maji. Tunasafirisha maji kwa dizeli kupandisha milima ya Kitonga, kuyaleta katika mikoa ambayo mvua si tatizo lake. Sabuni inayochanganywa hukuhuku inahitaji kusafirisha kemikali tu, na kwa hoja hiyo mtengenezaji wa Mbalizi au Makambako ana faida ambayo kiwanda cha pwani hakiwezi kuipata. Ndiyo maana lawama kwamba sabuni za mtaani ni "maji" nadhani zinakosea shabaha. Maji yamo katika zote mbili. Kinachotakiwa ni kemikali ya kutosha na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambayo mjasiriamali aliyepitia mafunzo ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, anaweza kuifuatilia kwenye ofisi ya kanda ya TBS iliyopo Mbeya.

Njia ya tatu, ya chombo kinachorudi, ndiyo inayofanya kazi vizuri kuliko zote, na labda kwa sababu hiyo haizungumzwi. Kreti ya soda yenye chupa 24 za kioo haipotei kwa kuwa kila chupa ina amana, na mwenye duka hawezi kuchukua mzigo mpya bila kurudisha tupu. Kioo ni kizito, kwa hiyo manufaa yake yanategemea kiwanda kuwa karibu. Mbeya kuna viwanda vya bia na soda, na chupa haihitaji kurudi pwani. Mtungi wa gesi ni hivyohivyo: unaununua mara moja, baadaye unalipia gesi peke yake. Kwa kuwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi, mtungi utakuwa chombo cha kujazwa kinachojulikana kuliko chupa yoyote ya sabuni, na kanuni yake ya kipimo ni rahisi. Uzito wa mtungi mtupu umechongwa juu yake. Ongeza kilo sita kwa mtungi mdogo, na mizani ya dukani ikupe jumla hiyo. Asubuhi ya baridi kali moto unaweza kuwa dhaifu kwa sababu mgandamizo wa gesi hushuka, lakini kilo hazibadiliki.

Imebaki hoja ya usalama, ambayo bei haiwezi kuifidia. Sabuni ya maji isiyo na kihifadhi cha kutosha inaweza kuotesha bakteria, na tabia ya kuongeza sabuni mpya juu ya mabaki ya zamani huwapa bakteria hao makao ya kudumu. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kinaelekeza vituo vya afya visiongeze sabuni kwenye chombo ambacho hakijaisha, na nyumbani inafaa kufanya vivyo hivyo: chupa iishe, ioshwe, ikauke, ndipo ijazwe. Jiki ina shida zake mbili. Nguvu yake hupungua kwa muda, joto na mwanga, hivyo ya kupimiwa kwenye chupa angavu inaweza kuwa imekwisha makali bila wewe kujua. Na ikichanganyika na mabaki ya dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya klorini inayoumiza mapafu. Jiki, dawa ya choo na mafuta ya taa havipaswi kuwekwa kabisa kwenye chupa za maji au soda, kwa kuwa mtoto anaijua chupa hiyo kwa kinywaji na hasomi lebo uliyoiandika kwa kalamu.

Na katika mikoa inayopulizia dawa za ukungu kwenye viazi na nyanya msimu hadi msimu, kuna dumu moja ambalo halijazwi kitu kingine kamwe, hata likionekana safi na zuri kiasi gani. Dumu la kiuatilifu husuuzwa mara tatu mara tu linapoisha, maji ya suuza yakamiminwa kwenye bomba la kupulizia ili yatumike shambani, kisha likatobolewa kitako, ili asipatikane mtu wa kuliokota na kulipeleka dukani kupimiwa sabuni.